Mikwaju Miwili

IBM PC ya kwanza, iliyoingia sokoni Agosti 1981, haikuwa na folda hata moja. Mfumo wake endeshi, PC DOS, uliyapanga mafaili yote ya diski katika orodha moja, na diski yenyewe ilibeba kilobaiti 160 na majina yasiyozidi 64. Mwenye viendeshi viwili alivitofautisha kwa herufi na nukta pacha: A: na B:. Mtindo huo ulitoka kwenye CP/M, mfumo alioubuni Gary Kildall miaka ya 1970, pamoja na ile kanuni ya jina la herufi nane likifuatwa na mkia wa herufi tatu. Aliyeuliza faili liko wapi alijibiwa kwa herufi moja tu.

Alama ya mkwaju (/) ilikuwa imeshapewa kazi nyingine. Aliyetaka kuandaa diski inayoweza kuwasha kompyuta aliandika FORMAT, kisha akaongeza /S. Mkwaju ulitangulia masharti ya amri, kama ilivyokuwa desturi kwenye mashine za kampuni ya DEC, na programu ndogondogo ambazo IBM iliziambatanisha na mfumo ziliifuata desturi hiyo. Pasipo folda, nani angehitaji alama ya kuzitenganisha?

Machi 1983 mambo yakabadilika. IBM ilitoa PC XT yenye diski ngumu ya megabaiti 10, na diski ya ukubwa huo ingejaa mamia ya mafaili ambayo orodha moja isingeweza kuyabeba bila fujo. DOS 2.0, iliyokuja na mashine hiyo, ilileta folda ndani ya folda. Microsoft haikulazimika kutafuta mfano mbali, kwa kuwa tangu 1980 ilikuwa ikiuza Xenix, toleo lake la Unix, na kwenye Unix folda hutenganishwa kwa mkwaju. Lakini mkwaju wa DOS ulikuwa kazini tayari. Kuuhamisha kungevunja amri ambazo wateja walikuwa wamezizoea kwa mwaka mmoja na nusu, nao si muda mrefu, ila ulitosha. Ikachukuliwa alama iliyofanana nao na ambayo haikuwa na mwenyewe: mkwaju wa nyuma (\).

Uamuzi huo ulikuwa na mlango wa uani ambao wengi hawaujui. Ndani kabisa, kiini cha DOS kilikubali mikwaju yote miwili kama kitenganishi. Ni programu ya kusoma amri iliyokuwa na shida. DOS 2.0 ilikuwa hata na mpangilio ulioitwa SWITCHAR, uliomruhusu mtumiaji kubadilisha alama ya masharti ya amri ili aandike njia za faili kwa mtindo wa Unix. Baadaye mpangilio huo ulitolewa kwenye vitabu vya maelekezo. Tabia ya kiini haikutoka: programu ikiiomba Windows ifungue C:/kazi/barua.txt, faili hufunguka.

Wazo lenyewe la folda ndani ya folda halikuwa geni. Lilielezwa kwa kina mwaka 1965 na R. C. Daley na P. G. Neumann walipoandika kuhusu mfumo wa mafaili wa Multics, mradi wa pamoja wa chuo cha MIT, Bell Labs na General Electric. Multics ilitenganisha folda kwa alama ya >, na alama ya < ilimpandisha mtu ngazi moja juu. Bell Labs ilijitoa kwenye mradi mwaka 1969, na Ken Thompson na Dennis Ritchie wakaanza kujenga mfumo mdogo wa kwao kwenye mashine ya PDP-7. Unix ya mwanzo kabisa ilikuwa na folda, lakini haikuwa na njia za kuandika kama tunavyozijua. Mkwaju ulipata nafasi yake mfumo ulipohamia PDP-11, na alama > ilikuwa imeshapewa kazi ya kuelekeza matokeo ya amri kwenye faili.

Mkwaju wa nyuma una kisa cha peke yake. Bob Bemer, aliyekuwa IBM, ndiye aliyeupigania mwaka 1961 uingie kwenye orodha ya alama za ASCII. Alitaka waandishi wa lugha ya ALGOL waweze kuunda alama za mantiki za "na" na "au" kwa kuweka mikwaju miwili bega kwa bega: /\ na \/. Alama ikaingia, ikapewa namba 92, lakini kazi iliyokusudiwa haikushamiri. Miaka ya 1970 lugha ya C iliichukua kwa shughuli tofauti kabisa. B, lugha iliyoitangulia C, ilikuwa ikitumia nyota kuashiria herufi zisizoonekana. C iliweka mkwaju wa nyuma badala yake: \n ni mstari mpya na \t ni kuruka nafasi. Lugha nyingi zilizofuata zikairithi tabia hiyo bila swali.

Hapo ndipo mikondo miwili ilipogongana. Mtu mwenye folda ya nyaraka kwenye Windows akiandika ndani ya programu "C:\nyaraka\taarifa.txt", kompyuta haioni njia ya faili. Inaona C na nukta pacha, mstari mpya, neno yaraka, nafasi tupu, kisha aarifa.txt. Katika Python 3 kuna mtego mkali zaidi: folda ya watumiaji wa Windows huitwa Users, na \U katika lugha hiyo hudai tarakimu nane za Unikodi baada yake. Kwa hiyo "C:\Users" hukataliwa kabla programu haijaanza. Dawa iliyozoeleka ni kutanguliza herufi r ili mikwaju iachwe kama ilivyo, nayo ina ulemavu wake, maana maandishi ya namna hiyo hayawezi kuishia na mkwaju mmoja wa nyuma.

Wajapani waliupata mgogoro huu kwa sura nyingine. Kiwango chao cha herufi cha mwaka 1969, JIS X 0201, kiliweka alama ya yen mahali pa namba 92. DOS ilipofika Japani, njia za faili zikaonekana kama C:¥WINDOWS, na hadi leo fonti nyingi za Kijapani huonyesha hivyo. Wakorea nao waliona alama ya won. Sura ya alama haikuisumbua mashine, kwa kuwa baiti ni ileile. Kilichouma ni usimbaji wa Shift JIS, ambamo herufi moja ya Kijapani huchukua baiti mbili na ya pili inaweza kuwa 92. Herufi ソ ni mojawapo. Programu iliyoandikwa Marekani ikikata njia kila inapoiona 92, iliikata herufi hiyo katikati na kutafuta folda isiyokuwepo.

Macintosh ilikwenda njia yake. Mfumo wake wa mafaili wa 1985, HFS, ulitumia nukta pacha, na kanuni yake iligeuza mantiki ya Unix juu chini: kwenye Unix njia inayoanza na kitenganishi huhesabiwa kuanzia mzizi wa mfumo, kwenye Macintosh iliyoanza na nukta pacha ilihesabiwa kuanzia folda ambayo mtu yumo. Mac OS X ya 2001 ilijengwa juu ya Unix, hivyo ikaupokea mkwaju bila kuwanyang'anya watumiaji wa zamani haki ya kuuweka kwenye majina. Suluhisho likawa kubadilishana kimyakimya. Jina lenye mkwaju kwenye skrini huandikwa kwa nukta pacha chini yake, na kinyume chake.

Lugha za programu ndizo zilizoachiwa kazi ya kusuluhisha. Java ya 1996 ilimpa mtunga programu thamani ya File.separator aitumie kuunganisha vipande vya njia. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum Februari 1991 kutoka Amsterdam, ilijenga os.path, jina moja lenye sura kadhaa nyuma yake: posixpath kwa Unix, ntpath kwa Windows na macpath kwa Macintosh ya zamani. Programu inapoanza, Python huchagua sura inayofaa. Ni ufundi mzuri, ila njia ilibaki kuwa maandishi matupu, na maandishi yanaweza kuunganishwa ovyo na yeyote mwenye alama ya kujumlisha.

Miaka mingi ilipita watu wakibishana. Mwaka 2006 Björn Lindqvist alipendekeza rasmi, katika waraka PEP 355, aina mpya ya kitu cha kuwakilisha njia, iliyojengwa juu ya aina ya maandishi. Pendekezo hilo likakataliwa. Antoine Pitrou alirudi na PEP 428 mwaka 2012 akiwa na msimamo tofauti: njia isihesabiwe kuwa maandishi kabisa. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Maandishi yana shughuli nyingi ambazo kwa njia hazina maana, na njia ina shughuli, kama kutafuta folda mama au mkia wa jina, ambazo maandishi hayazijui. Maktaba yake, Pathlib, ikaingia Python 3.4 mwaka 2014, na mtu akaweza kuandika Path("nyaraka") / "taarifa.txt". Alama ya kugawanya ikawa kiunganishi, na kwenye Windows matokeo yakatoka na mkwaju wa nyuma yenyewe.

Kisha ikaonekana kasoro ambayo ilipaswa kuonekana mapema. Kwa kuwa Path haikuwa maandishi, open, amri ya msingi ya kufungua faili, haikuipokea. Watu walilazimika kuigeuza iwe maandishi kila mara, na wengine wakarudi os.path kwa hasira. Ilichukua hadi Desemba 2016, Python 3.6, kwa PEP 519 ya Brett Cannon na Koos Zevenhoven kuifanya maktaba ya lugha nzima iitambue. Macpath iliondolewa Python 3.8, mwaka 2019.

Pathlib inaweza kuweka mkwaju. Haiwezi kuchagua jina. Mtu wa Kiswahili anayeita faili ng'ombe.txt atagundua kwamba kwenye dirisha la amri la Unix ile ritifaa hufungua nukuu, na mashine hukaa ikingoja ifungwe. Upande wa Windows kuna deni la zamani zaidi. Kwa kuwa DOS ya kwanza haikuwa na folda, majina ya vifaa kama CON, PRN na AUX yalifanya kazi popote, na folda zilipokuja yakaachwa yawe hai ndani ya kila moja. Msimbo wa Linux una faili liitwalo aux.c, na kwa miaka mingi aliyejaribu kuunakili kwenye Windows alikwama hapo. Humohumo kulikuwa na xt_DSCP.c na xt_dscp.c, mafaili mawili ambayo Linux huyatofautisha kwa herufi kubwa na ndogo, na ambayo Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, huyahesabu kuwa moja.

Anayetunga programu itakayohama kutoka mashine hadi mashine aiachie Path mikwaju, na majina ayaandike kwa herufi ndogo, bila ritifaa wala nukta pacha.