Suruali ya Mwaka 1968

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, wigi, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana visionekane tena Dar es Salaam. Ajabu ni kwamba waliokataza na waliokatazwa wote waliitwa vijana. Sikumbuki mtu aliyetuuliza tulizipendea nini suruali zile.

Nilikuwa na miaka 17, tukikaa Ilala. Marehemu baba aliikata yangu kwa mkasi wa mama, asiseme neno. Babu ndiye aliyenicheka, kwa utani wa babu na mjukuu, akauliza nilitaka kumwonyesha nani. Nikamweleza yote, hata jina la binti mwenyewe. Ndivyo wazee wetu walivyopanga: mambo ya ujana hayakupelekwa kwa baba, yalikwenda kwa babu, au kwa kungwi wakati wa jando.

Mwaka 1996 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nikiwafundisha walimu namna ya kumsikiliza mwanafunzi. Mwanangu akaja na suruali pana inayoburura chini. Nikashika mkasi! Babu yangu alikwisha fariki, baba pia, nasi tulikuwa mbali na ukoo kwa sababu ya kazi; hakuwapo wa kumtania kijana. Miezi mitatu ikawa "Shikamoo baba", "Marahaba", basi.

Jioni moja nikamsimulia habari za 1968, pamoja na mkasi. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na yule binti, baba, aliiona hiyo suruali?"

"Hakuiona," nikamjibu. Tukacheka mpaka mama yake akatoka jikoni kuuliza kulikoni.