Tangu Ngagara Hadi Kambini: Jeraha la Uzazi na Njia ya Kupona



Tangu mwaka 2013, tarehe 23 Mei ni siku ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza fistula ya uzazi. Kamati imeona vema kuandika historia ya jambo hili kwa upande wetu, maana wengi wetu tumetoka Bujumbura, na pale Ngagara tuliwajua akina mama wenye ugonjwa huu kabla ya kulijua jina lake.

Ngagara ni mtaa wa kaskazini mwa mji. Ulijengwa miaka ya 1950 na OCAF, shirika la nyumba la serikali ya Wabeljiji, na wazee wetu waliuita Okafu. Hatukuwa mbali na matibabu. Ukivuka mto Ntahangwa kwenda kusini unaikuta Hospitali Prince Régent Charles. Ukielekea Kamenge unaikuta hospitali ya chuo kikuu, ambayo watu huiita Roi Khaled. Kote huko ni mwendo wa miguu. Basi kwa nini mama wa mjini apatwe na jeraha la mama wa mlimani asiye na barabara?

Tueleze kwanza jeraha lenyewe. Mtoto anapokwama njiani kwa muda mrefu, kichwa chake hubana nyama iliyo kati ya uke na kibofu cha mkojo. Damu haipiti, nyama hufa, na baada ya siku chache tundu hufunguka. Mkojo hutoka wenyewe usiku na mchana, na kwa wengine hata choo kikubwa. Aghalabu mtoto huwa amekwisha kufa. Si laana wala malipo ya uzinzi, kama wengine wasemavyo. Ni kuchelewa kupasuliwa.

Kwetu kuchelewa huko kuliletwa na vita. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Mwaka 1994 na 1995 majirani walifukuzana, Ngagara ikabaki ya kabila moja na Kamenge ya kabila jingine. Juni 1995 jeshi liliingia Kamenge na watu wake wakakimbia. Njia tuliyokuwa tukiipita kwenda sokoni ikawa mpaka. Kulikuwa na siku za mji mfu, vijana wakiziba barabara, na amri ya kutotoka nje usiku ilidumu miaka mingi. Lakini uchungu hauchagui saa. Mama aliyeshikwa usiku alingoja mapambazuko mikononi mwa majirani, na hayo yaliwapata wa kila upande.

Mwaka 2015 Ngagara ilikuwa miongoni mwa mitaa ya maandamano, na risasi zikasikika tena. Mwezi Mei maelfu ya Warundi walirundikana Kagunga, ufukweni mwa Tanganyika, kipindupindu kikawakuta hapo, na meli ya Liemba ikawa inawavusha hadi Kigoma. Wajawazito walikuwamo.

Hata hivyo, historia hii ina upande wa pili. Mwaka 1974 madaktari Catherine na Reginald Hamlin walifungua hospitali ya fistula Addis Ababa, na ikaonekana kwamba tundu hili hushonwa na mama akapona. Karibu nasi, Denis Mukwege wa Bukavu alisomea udaktari Bujumbura, akamaliza mwaka 1983. Hospitali ya Lemera alikofanya kazi ilishambuliwa Oktoba 1996, wagonjwa wakauawa vitandani. Mwaka 1999 alianzisha Panzi, ambako hutibiwa waliojeruhiwa kwa uzazi na waliojeruhiwa kwa kubakwa.

Bujumbura kwenyewe, mwaka 2003 Madaktari Wasio na Mipaka walifungua kituo cha Seruka kwa waliobakwa. Mei 2006 serikali ilitangaza kujifungua bila malipo, kwani akina mama waliopasuliwa walikuwa wakizuiliwa hospitalini kwa deni. Mwaka 2010 kituo cha Urumuri kilifunguliwa Gitega kwa ajili ya fistula. Majina hayo yanafaa kukumbukwa: seruka ni jitokeze, urumuri ni mwanga.

Tunajifunza nini? Kwamba kupona kuna sehemu mbili. Mwili hushonwa, mpira wa mkojo hukaa kwa siku ambazo daktari ameagiza, mama hunywa maji mengi, hukaa mbali na mume kwa miezi kadhaa, na mimba nyingine huzaliwa hospitali kwa kupasuliwa. Moyo nao una kazi yake. Mama aliyezika mtoto, akasikia milio ya bunduki akiwa katika uchungu, aweza kukauka mkojo na bado asilale usiku. Huyo anahitaji mtu wa kumsikiliza, mara nyingi, bila kumharakisha.

Kwa hiyo tunasema hivi. Wewe mama unayejifunika vitambaa na kukwepa foleni ya posho, njoo kwa akina mama wa kamati au kwa mkunga. Siri yako itatunzwa. Ukianza kuvuja siku chache tu baada ya kuzaa, usingoje, kwani tundu dogo na jipya huweza kujifunga kwa mpira peke yake. Ninyi waume, msiwafukuze wake zenu kwa jeraha walilolipata wakiwazalia.

Na kwenu wafanyakazi wa mashirika, ombi letu linatokana na historia hii. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na usiku hana gari. Kibali kikichelewa, mama aliyekwama anapoteza saa zile zile zilizopotea Ngagara mwaka 1995. Tunaomba gari la usiku lijulikane lilipo, na karatasi ya mama aliye katika uchungu iandikwe akiwa njiani.

Ni sisi, Kamati ya Jamii.