Kutoka Mafiga Matatu hadi Mtungi wa Gesi: Historia Fupi ya Moto Wetu

Katika toleo hili la kumbukumbu wenzetu wameandika habari za shule, za makanisa na misikiti, na za mpira wa miguu. Sisi wa kamati tumechukua habari ya jiko, kwa sababu hakuna familia kambini ambayo haikuguswa nayo.

Tulipovuka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa 1996, tukikimbia vita kutoka Uvira, Baraka na vijiji vya Fizi, wengi tulishika watoto na sufuria. Mafiga hayabebwi, mawe yapo kila mahali. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka huohuo, na siku za kwanza kuni zilikuwa hatua chache kutoka kwenye hema. Baadaye zikawa mwendo wa saa moja, kisha asubuhi nzima. Waliotutangulia Ngara walikuwa wamekwisha kuyaona hayo: mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka pale Rusumo kwa muda wa kama saa 24, na miti iliyoizunguka Benaco ikakatwa upesi mno. Wenyeji walilalamika, na walikuwa na haki. Mti unaopikia maharage ya siku moja haukui kwa mwaka mmoja.

Waliokwenda kuni walikuwa akina mama na wasichana, na si wote waliorudi salama. Kubakwa porini ni jambo lililosemwa kwa sauti ya chini katika miaka ile. Sisi tunaliandika hapa waziwazi, maana historia ya kuni isiyolitaja ni nusu ya historia.

Ndipo yakaja majiko ya udongo, yale yanayouzungushia moto ukuta ili joto lisipotee pembeni. Yalisaidia, ila yalikula kuni vilevile, kwa kiasi kidogo zaidi. Mwaka 2009 kambi ya Lugufu ilipofungwa, ndugu zetu walihamia Nyarugusu, na mwaka 2015 wakaja Warundi kwa maelfu, wengi wakipitia Kagunga na kuletwa Kigoma kwa meli ya Liemba. Mafiga yakaongezeka, msitu haukuongezeka.

Baada ya hapo mradi wa majaribio wa gesi uliingia kambini, ukazifikia baadhi tu ya familia. Mitungi ilipopokewa, wapo akina mama walioiita bomu. Vijana walicheka. Sisi hatukucheka: mtu aliyeikimbia milio ya vita ana haki ya kuuogopa mtungi wa chuma. Hofu hiyo ingefaa zaidi kama ingeelekezwa mahali pake, kwa kuwa mtungi wenyewe mara chache ndio wenye kosa. Hatari iko kwenye mpira, kwenye regyuleta, na kwenye mikono yetu.

Tueleze kidogo. Ndani ya mtungi gesi imebanwa hadi ikawa maji. Ikitoka, lita moja ya maji hayo hugeuka kuwa zaidi ya lita 200 za gesi, na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu kama moshi. Hutambaa chini, ikajikusanya chini ya kitanda na kwenye pembe za nyumba. Ndiyo sababu dirisha dogo la juu, lililotufaa sana kwa moshi wa kuni, halitoshi kwa gesi. Fungua mlango, tena uache wazi muda wote unapopika.

Ile harufu mbaya nayo ina historia yake. Gesi kwa asili haina harufu ya kumtahadharisha mtu. Tarehe 18 Machi 1937, katika shule ya New London, jimbo la Texas huko Marekani, gesi asilia ilivuja na kujaa chini ya sakafu bila mtu kuinusa. Cheche ya mashine moja ya umeme iliilipua, wakafa watoto na walimu karibu 300. Baada ya msiba huo sheria ililazimisha gesi itiwe dawa yenye harufu kali, na desturi hiyo ikaenea duniani. Kwa hiyo anayesema harufu hiyo ni ya kawaida tu, asisikilizwe.

Ukiinusa, usiwashe kiberiti, usiguse swichi, tochi wala simu. Funga mtungi, fungua milango, toa watoto nje, na waambie majirani wazime mafiga yao, kwani nyumba zetu zimesongamana. Kutafuta mahali panapovuja tumia povu la sabuni: paka kwenye mpira na maungio, na mahali panapotoa mapovu ndipo penye tundu. Tumepata kuona mtu akitafuta kwa njiti inayowaka. Mungu alimhurumia.

Mtungi usimame wima, mbali na turubai, godoro na pazia. Gesi inapokaribia kuisha wengine huulaza au kuuweka karibu na makaa ili kukamua ya mwisho. Huo ni mchezo wa kifo. Washa kiberiti kwanza, kisha ndipo ufungue jiko. Ukimaliza, funga jikoni na kwenye mtungi pia. Mwali uwe wa buluu. Ukiwa wa njano na sufuria inapata masizi, safisha matundu ya jiko. Mafuta yakishika moto kikaangoni, zima jiko na ufunike kwa mfuniko, usimwage maji. Aliyeungua apozwe kwa maji safi dakika 20, si kwa dawa ya meno wala majivu.

Liko jambo jingine ambalo vitabu vya mafunzo havikuligusa. Sombe na maharage hula gesi, na mtungi ukiisha kabla ya mwezi familia hurudi porini. Loweka maharage usiku kucha, yataiva mapema. Tena wapo waliouza mitungi yao ili wanunue dawa au nguo za shule. Hatuwalaumu. Lakini anayenunua jiko kuukuu mkononi mwa mtu aukatae mpira uliopasuka au uliofungwa kwa waya, hata kama bei ni nzuri.

Mwenye jiko anayetaka mpira wake ukaguliwe amwone mjumbe wa mtaa wake. Kazi hiyo hailipiwi. Kipande cha sabuni atatoa mwenyewe.