Ramani ya mawazo mtandaoni

Ramani ya mawazo mtandaoni ni mchoro wa mawazo unaotengenezwa na watu kadhaa kwa pamoja kupitia intaneti, kila mmoja akitumia kompyuta, kishikwambi au simu janja yake. Kama ilivyo ramani ya mawazo ya kawaida, mada kuu huwekwa katikati na kutoka hapo huchipuka matawi yenye maneno machache au picha. Tofauti ni kwamba mchoro haukai kwenye daftari la mtu mmoja. Huhifadhiwa kwenye seva, na badiliko la mshiriki mmoja huonekana kwa wengine baada ya muda mfupi.

Zana za namna hii huwafaa hasa watu wanaofanya kazi moja wakiwa mbalimbali. Mikoa ya Mbeya na Iringa, katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ni mfano mzuri. Ina vyuo vikuu kadhaa na kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo, lakini miji yake mikuu imetenganishwa na barabara ya zaidi ya kilomita 300.

Historia

Kupanga maarifa kwa michoro yenye matawi ni jambo la kale. Mwanafalsafa Porphyry wa Tyre, aliyeishi katika karne ya 3, anahusishwa na "mti" unaogawa vitu kutoka aina kuu hadi aina ndogo. Mwaka 1972 Mmarekani Joseph Novak na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell walianza kutumia ramani za dhana kufuatilia jinsi watoto wanavyoelewa sayansi. Jina la ramani ya mawazo lilienezwa na Mwingereza Tony Buzan (1942-2019), ambaye mwaka 1974 aliendesha kipindi cha televisheni cha BBC kuhusu namna ya kujifunza.

Programu za kwanza zilifanya kazi ndani ya kompyuta moja tu. Baadaye zilikuja huduma zinazotumika ndani ya kivinjari, kama vile MindMeister (2007), Coggle na Miro. Miro ilianza mwaka 2011 kwa jina la RealtimeBoard.

Jinsi inavyofanya kazi

Mtu mmoja hufungua akaunti, huanzisha ramani na kuwatumia wenzake kiungo. Mwenye ramani huamua nani atazame tu, nani atoe maoni na nani ahariri. Huduma nyingi huonyesha nani ameandika nini, na baadhi hutunza historia ya mabadiliko ili kilichofutwa kwa bahati mbaya kirudishwe. Kazi ikikamilika, ramani hupakuliwa kama picha au faili la PDF.

Kwa mfano, kikundi cha wanafunzi kinaweza kuchunguza biashara ya viazi mviringo. Matawi ya kwanza yatakuwa mbegu, magonjwa, usafiri, masoko na sheria. Wanafunzi walioko Mbeya wataongeza habari za mbegu na za magonjwa kama ukungu na mnyauko, na walioko Iringa watafuatilia bei sokoni. Suala la lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, litaonekana kuwa na sehemu mbili. Liko kwenye tawi la masoko kwa sababu humpunguzia mkulima kipato, na liko kwenye tawi la sheria kwa sababu Wakala wa Vipimo hulipiga vita. Mstari unaounganisha matawi hayo mawili huonyesha uhusiano ambao orodha ya kawaida ingeuficha.

Ushirikiano na bungua bongo

Ramani nyingi za vikundi huanza na bungua bongo, njia iliyoenezwa na Mmarekani Alex Osborn katika miaka ya 1940 na 1950. Osborn aliamini kwamba watu wakikaa pamoja hupata mawazo mengi zaidi. Hata hivyo, utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Yale na kuchapishwa mwaka 1958 ulionyesha kinyume: watu waliofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakajumlishwa, waliwashinda waliozungumza katika kikundi. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walieleza sababu kubwa mojawapo: katika mazungumzo ni mmoja tu anayesema kwa wakati mmoja, na wengine wakisubiri zamu husahau au huacha walichotaka kusema.

Ramani ya mtandaoni hupunguza tatizo hilo kwa kuwa wote huandika kwa wakati mmoja. Hii ina maana kubwa katika vikundi ambamo vijana huona haya kusema kabla ya wakubwa, au ambamo mwanafunzi mmoja huongoza mazungumzo yote. Njia inayopendekezwa mara nyingi ni kila mshiriki kuandika kwanza bila kujadiliana, kisha kikundi kukutana ili kuunganisha yanayofanana na kuchagua ya kufanyia kazi.

Manufaa katika kujifunza

Mwaka 2006 John Nesbit na Olusola Adesope walijumlisha tafiti 55 zenye washiriki 5,818 kuhusu ramani za dhana na za maarifa. Waliona kwamba wanaozitumia kwa ujumla hukumbuka zaidi kuliko wanaosoma matini au kusikiliza mihadhara tu. Utafiti wa mwaka 2002 kwa wanafunzi 50 wa udaktari mjini London uliona faida katika kukumbuka baada ya wiki moja, lakini pia kwamba wanafunzi walikuwa na hamu ndogo ya kutumia ramani kuliko njia walizozizoea.

Mbeya na Iringa

Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), Kampasi ya Mbeya ya Chuo Kikuu Mzumbe, ambacho makao yake makuu yako Morogoro, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole. Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Wakati wa mafunzo kwa vitendo wanafunzi wa vyuo hivi hutawanyika, na kukutana ana kwa ana huwa vigumu.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hupita katika mikoa hii kuelekea mipaka ya Zambia na Malawi. Hata hivyo, vijijini watumiaji wengi hutegemea simu na bando la kulipia.

Changamoto

Ramani kubwa ni ngumu kusoma kwenye kioo kidogo cha simu, na menyu za zana nyingi hazina Kiswahili. Huduma za bure huweka kikomo cha idadi ya ramani. Kwa kuwa ramani iko chini ya akaunti ya mtu mmoja, kikundi kinaweza kupoteza kazi yote akiifuta. Kwa hiyo ni vyema kupakua nakala mara kwa mara.

Mtandao wenyewe unaweza kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na SEACOM ilivuruga intaneti nchini Tanzania na nchi jirani.

Suala jingine ni faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu pia majina, namba za simu na habari za afya zinazowekwa kwenye seva za nje ya nchi. Kikundi kinachokusanya habari za wakulima au wagonjwa hakipaswi kuziandika kwenye ramani ambayo kila mwenye kiungo anaweza kuifungua.

Njia mbadala

Freeplane ni programu huria inayofanya kazi bila intaneti, na faili lake linaweza kupelekwa kwa barua pepe au kwa diski mweko. Pasipo kompyuta, bango kitita au karatasi ya manila hutosha: washiriki huandika mawazo kwenye vikaratasi, huvipanga kuzunguka mada, kisha picha ya mchoro hutumwa kwa wasiokuwepo kupitia WhatsApp.

Tazama pia

- Bungua bongo
- Programu huria
- Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano