Urefu Pekee Haukutosha

Mchezaji wa mpira wa kikapu Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA na Memphis Grizzlies mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Msimu wake wa kwanza haujaisha, alishushwa ligi ndogo. Kufikia 2014 alikuwa nje ya NBA. Wengi humlaumu mwenyewe. Mimi naona kosa lilianzia nyumbani, kwani alianza kucheza akiwa na miaka kama 15, katika nchi isiyo na ligi ya kulipwa ya kumkomaza. Mtasema Jusuf Nurkić wa Bosnia naye alianza akiwa na takribani 14. Ndiyo, lakini alipelekwa Slovenia kufunzwa, kisha akaingia klabu ya Cedevita ya Zagreb na kusukumana na wanaume wazima kabla ya kuchaguliwa wa 16 mwaka 2014. Amedumu misimu zaidi ya 10. Thabeet alikuwa na miaka mitatu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, tena alitia fora kwa kuzuia mitupo. Ila huko kimo kilimtosha, na kufunga hakukuiva.

Kosa hilo lipo hapa Mombasa pia: kijana mrefu wa Likoni leo akitaka timu kubwa, yaani ile ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, sharti avuke hadi kisiwani. Serikali ya Kaunti ya Mombasa iweke viwanja na makocha upande huu wa Likoni, watoto waanze wakiwa na miaka 8.