Kuni, Mawese na Alkoholi: Injini za Kindu na Tundu la Nozeli

Reli ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ilikamilika mwaka 1911. Kuanzia hapo Kindu, mji wa Maniema mashariki mwa Kongo, ukawa mahali ambapo mto na reli hupokezana mizigo: shehena iliyopanda mto Lualaba kutoka Ubundu ilishushwa Kindu, ikapakiwa mabehewa kuelekea kusini. Stima na magarimoshi ya CFL, kampuni ya reli hiyo, yalikula kuni. Watu wa vijiji vya kando ya mto, wengi kwa shuruti, walikata miti na kuipanga ufukweni ingoje meli. Kuhusu injini ya mvuke, jambo moja ni la kukumbuka: haibagui. Gogo lolote likikauka huchemsha maji.

Injini zilizokuja baadaye hubagua sana, na ubaguzi wao unaanzia kwenye tundu dogo kuliko la sindano.

Rudolf Diesel alionyesha injini yake iliyofanikiwa mwaka 1897 huko Augsburg, Ujerumani. Mafuta yake yalisukumwa ndani ya silinda kwa hewa iliyobanwa, hivyo kila injini ilibeba kompresa nzito. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, ikiwaza makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zilikuwa nyingi na makaa ya mawe hayakuwapo. Mwaka 1927 kampuni ya Bosch ilianza kuunda kwa wingi pampu ya kusukumia mafuta bila hewa. Kompresa ikatoweka, injini ikawa nyepesi, na mazutu, yaani mafuta ya dizeli, yakaanza kuteremka mito na kupanda barabara za dunia nzima.

Lakini pampu hiyo na nozeli yake, ncha inayopuliza mafuta ndani ya silinda, vilichongwa kwa ajili ya mazutu. Mafuta ya mimea ni mazito takriban mara kumi. Yakilazimishwa kupita katika tundu la sehemu tatu za kumi za milimita, hayatawanyiki kama ukungu. Hutoka kama mchirizi, huungua nusu, na kuacha masizi magumu kwenye ncha ya nozeli. Mawese yana tabu zaidi, kwa kuwa huanza kuganda hata katika joto la kawaida la chumba.

Hapo ndipo Kongo inapoingia katika historia hii, na ninasikitika kwamba wanafunzi wetu wachache sana wamesikia habari hizi. Tarehe 31 Agosti 1937, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza ya Ubelgiji namba 422,877. Aliyachanganya mawese na alkoholi ya ethanoli, akatenga gliserini inayoyafanya mafuta yawe mazito, akabaki na kimiminika chepesi kinachokaribia mazutu. Majira ya joto ya mwaka 1938, basi la abiria lilikitumia kati ya Brussels na Louvain. Mwaka 1942 jarida la kilimo la Kongo ya Ubelgiji lilichapisha ripoti ndefu juu ya kazi hiyo. Vita vilikuwa vimetatiza njia za mafuta za koloni, na mawese yalikuwapo tele, yakikamuliwa na watu waliolipwa ujira duni au kusukumwa kwa nguvu.

Chavanne angeweza kupendekeza nozeli kubwa zaidi. Yeye aliyabadili mafuta, akaiacha injini ilivyo. Vita vilipokwisha, mafuta ya petroli yalishuka bei na wazo hilo likalala kabatini.

Njia ya pili, ya kubadili injini, ilishika kasi baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973. Brazil ilianzisha mpango wake wa alkoholi ya miwa mwaka 1975, na mwaka 1979 Fiat ikauza huko gari lililotumia alkoholi peke yake. Malawi ilianza kuchanganya alkoholi ya Dwangwa na petroli mwaka 1982. Kenya ilifanya vivyo hivyo kwa alkoholi ya Muhoroni katika miaka hiyo ya 1980, kisha ikaacha.

Alkoholi ina hesabu yake. Kilo moja ya esanse, yaani petroli ya magari, huungua kwa kilo 14.7 za hewa. Kilo moja ya ethanoli hutosheka na kilo 9. Kwa hewa ileile, basi, injini hutaka mafuta mengi zaidi. Chukua injini ya esanse ya silinda nne, yenye turbo, inayotakiwa kutoa nguvu za farasi 400. Kila farasi hula takriban gramu 270 kwa saa, jumla kilo 108, yaani lita 146 hivi. Gawa kwa nozeli nne na dakika 60: kila nozeli ipitishe sentimita za ujazo 608 kwa dakika. Fundi makini haruhusu nozeli ikae wazi zaidi ya asilimia 80 ya muda, hivyo atafunga ya 760. Akitaka mchanganyiko wenye alkoholi asilimia 85, atafute ya 1,050 hivi, na pampu na mabomba yaongezwe kwa kadiri hiyo. Thawabu ipo: alkoholi hupoza hewa inayoingia na huvumilia mgandamizo mkubwa bila injini kugonga. Lakini nozeli iliyozidi kipimo huleta tabu injini inapounguruma polepole, kwa kuwa haiwezi kufunguka kwa kitambo kifupi cha kutosha na humwaga mafuta kupita haja.

Kindu haina magari ya mashindano. Ina pikipiki, jenereta, na baleinière, yaani boti za mbao zenye injini za dizeli, na kila lita inayozitia uhai hufika kutoka mbali kwa treni, kwa mto au kwa ndege. Lotoko, pombe kali inayokenekwa vijijini, haiwezi kumiminwa tangini: ina maji mengi, na maji hayo hutengana na esanse. Ili kuchanganyika vizuri, alkoholi lazima ikaushwe hadi zaidi ya asilimia 99, kazi inayotaka mtambo.

Kwa maoni yangu, alkoholi ya Maniema isiende kwenye nozeli za esanse. Iende kwa mawese, kama Chavanne alivyofanya. Kilo 100 za mawese huhitaji, kwa uchache, kilo 16 za alkoholi, nayo pia iwe kavu, lakini mtambo wa kukausha kiasi hicho ni mdogo mno ukilinganisha na wa kulisha matangi ya mji. Mawese yaliyokaa sana huwa na asidi nyingi na yakitiwa soda kali ya kuchochea mchanganyiko hugeuka sabuni, kwa hiyo yasafishwe kwanza. Huko Ulaya mafuta ya namna hii huganda wakati wa baridi. Usiku wa Kindu haufikii baridi hiyo. Na mawese ni chakula: yapimwe yale yanayobaki bila kununuliwa, kamwe yasipokonywe jikoni.

Chuo Kikuu cha Kindu kina wanafunzi, na mto una mafundi wanaozijua injini za dizeli kwa kuzisikiliza tu. Wapewe injini moja na mapipa machache ya mawese, wajaribu, wafungue nozeli baada ya saa mia moja, waandike walichokiona, na wakichapishe kwa Kiswahili.