Fonti ya Vijarida vya Diaspora Irithi Nini?

Mwaka 1985 wanawake wachache wenye asili ya Asia ya Kusini walianzisha nchini Marekani kijarida kiitwacho Anamika, kwa ajili ya wanawake wapendao wanawake wenzao. Shamakami kilifuata mwaka 1990. Siku hizi wapo wabunifu wanaogeuza herufi za machapisho ya namna hii kuwa fonti za kompyuta. Nat Pyper, kwa mfano, ametengeneza fonti moja kwa kumkumbuka Robert Ford, aliyekuwa mhariri wa jarida la Thing la Chicago. Mbunifu atakayeanzia kwenye vijarida vya Waasia achukue nini, na aache nini?

Aanze kwa kuacha mapambo. Fonti kama Samarkan, zinazoitungika herufi ya Kilatini kwenye mstari wa juu ili ifanane na Devanagari, hati ya Kihindi, zimezoeleka kwenye vibao vya migahawa. Zinamwonyesha mgeni "Uhindi" wa kubuni. Tena diaspora hii haina chimbuko moja. Pratibha Parmar, aliyeongoza filamu ya Khush mwaka 1991, alizaliwa Nairobi na kukulia Uingereza. Ni hati ipi moja itakayowawakilisha yeye, Mtamil wa Toronto na Mbengali wa New York?

Wengine watatetea uaminifu kwa mashine: wino uliofifia, mistari iliyopinda, kivuli cha fotokopi. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa sura ya vijarida vya jamii ilitokana na uhaba wa fedha na vifaa. Lakini uhaba nao una historia yake. Tufe la herufi la taipureta ya IBM Selectric lilibeba alama 88, ilhali Kibengali, pamoja na konsonanti zake zinazoungana, huhitaji maumbo mamia. Printa ya LaserWriter na programu ya PageMaker, zilizorahisisha kuchapisha kwa kompyuta, zilitoka mwaka uleule wa Anamika, na bado mfumo wa Unicode, uliozipa hati za Asia ya Kusini nafasi ya pamoja kwenye kompyuta, ulisubiri hadi 1991. Kiingereza kiliwaunganisha wasomaji wa lugha nyingi, ni kweli. Hata hivyo mashine nayo ilikuwa imekwisha kuamua ni lugha zipi zichapwe kwa urahisi. Fonti ya leo inayoishia kwenye Kilatini inaurithi uamuzi wa kiwanda na kuuita kumbukumbu ya wanawake. Kuongeza Kibengali, Kitamil, Gurmukhi na Kiurdu ni kazi ghali, hasa Nastaliq, mtindo wa kuandikia Kiurdu wenye mistari inayoteremka. Gharama hiyo ndiyo ingeonyesha kwamba heshima inayotajwa ni ya kweli.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni mwandiko. Katika machapisho ya aina hii, wachangiaji wengi walificha majina yao kwa sababu za usalama, familia au kazi. Jina linafichika, mkono haufichiki vilevile. Dada au mwajiri wa zamani anaweza kuutambua. Kunakili kichwa kilichochorwa kwa mkono, kukisambaza duniani na kukiuza, kunaweza kumfichua mtu ambaye kijarida chenyewe kilimlinda. Kwamba ukurasa umo kwenye hifadhi ya nyaraka iliyo wazi kwa umma si ruhusa. Mwenye mwandiko, akiwa hai, aombwe ridhaa na alipwe. Asipopatikana, herufi zake zisinakiliwe, hata zikiwa nzuri kiasi gani.